Thredi 8 kwenye kori 8, mbona kasi ni ile ile?

kijana_wa_data: Wakuu, habari za jioni. Nina programu ya Python inayochakata mafaili ya vipimo vya mvua kwenye mashine ya Linux yenye kori 8 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba). Nimegawa kazi kwa thredi 8 (mikondo ya kazi ndani ya programu moja) kupitia maktaba ya threading, lakini muda haujapungua hata kidogo. Kwenye top, amri inayoonyesha matumizi ya prosesa, programu inagota asilimia 100, yaani kori moja, wakati natarajia ikaribie 800. Ina maana kerneli, kiini cha Linux kinachogawa kazi kwa kori, haizioni hizi thredi? Nihamie lugha ya Go? Naombeni ushauri, hii ni kazi ya watu.

mama_seva: Kerneli inaziona vizuri tu, mkuu. Kwenye Linux, kila thredi ya pthread (maktaba ya kawaida ya thredi) ina thredi yake ya kerneli, na Python inapita humo humo. Andika `ps -T -p` na namba ya prosesi yako (programu inayoendeshwa), utazikuta 9 pamoja na ile kuu. Kinachokubana ni GIL, kufuli la Python ya kawaida lenyewe, ambalo thredi moja tu hulishika kwa wakati: asiyelishika hatekelezi kodi ya Python. Kori zipo wazi, ila thredi saba zinasubiri zamu.

fundi_kerneli: Naunga mkono. Shida unayoiwazia ilikuwepo kweli kwenye maktaba kama GNU Pth, ambapo thredi zote zinaishi ndani ya thredi moja ya kerneli. Hapo hata ukiwa na kori 64 unatumia moja. Go inapanda goroutini nyingi, yaani thredi zake nyepesi, juu ya thredi chache za kerneli, na tangu toleo la 1.5 la 2015 inatumia kori zote bila kuambiwa. Ni nzuri, lakini kuandika upya mradi mzima kwa sababu hii sikushauri. Tumia multiprocessing, maktaba ya Python inayogawa kazi kwa prosesi badala ya thredi; kila prosesi ina GIL yake.

mama_seva: Na kama kazi ingekuwa ya kusubiri mtandao, thredi zingekutosha, maana GIL huachiwa wakati wa kusubiri.

kijana_wa_data: Asanteni sana. Nimeziona 9 kweli. Nimehamia ProcessPoolExecutor, zana ya Python inayotumia multiprocessing, sasa kori zote zinachemka, ila kumbukumbu imepanda mno.

fundi_kerneli: Bila shaka unasoma mafaili kwenye prosesi kuu kisha unayatuma. Kila data inayovuka inanakiliwa. Tuma majina ya mafaili tu, kila prosesi ijisomee, irudishe jumla peke yake.