Kwa nini tunatoa eneo la mraba ili kupata eneo la jani?

Mzazi wa Darasa la Saba
Habari zenu walimu na wazazi wenzangu. Mwanangu amepewa mraba wenye upande wa sm 7, ambamo zimechorwa robo duara mbili zenye nusukipenyo cha sm 7, moja kutoka kona ya chini kushoto na nyingine kutoka kona ya juu kulia, zikapishana na kufanya umbo la jani lililotiwa kivuli. Jibu ni sm² 28, nalo limepatikana kwa kujumlisha robo duara hizo na kutoa mraba. Hatua amezikariri, lakini nimeshindwa kumweleza kwa nini tunatoa mraba ilhali jani limo ndani yake, na sipendi akariri asichokielewa.

Mwalimu wa Hisabati
Ndugu mzazi, fikiria chumba cha mraba kilichotandikwa mikeka miwili yenye umbo la robo duara. Kila mkeka una 22/7 × 49 ÷ 4 = 38.5, kwa hiyo yote miwili ni 77, ilhali sakafu ni 49 tu nayo imefunikwa yote. Ile 28 iliyozidi haina pa kukaa isipokuwa pale mikeka ilipolaliana, yaani kwenye jani, ambalo tumelihesabu mara mbili.

Mchangiaji
Mimi humwanzisha mtoto kwa ulalo. Unganisha ncha mbili za jani kwa mstari. Nusu ya jani ni robo duara ukitoa pembetatu, yaani 38.5 − 24.5 = 14, na mara mbili yake ni 28. Asishtuke kikokotoo kikimpa 27.97, kwa sababu 22/7 ni kubwa kidogo kuliko pai, kama Archimedes alivyothibitisha zamani.

Mzazi wa Darasa la Saba
Asanteni sana. Tumekata karatasi tukazipanga, akaelewa papo hapo. Sasa anauliza: je, nusukipenyo kikiwa sm 6 ndani ya mraba uleule, tutatoa 49 vilevile?

Mwalimu wa Hisabati
Hapana, na swali lake ni zuri kuliko la kitabu. Hapo kona mbili zitabaki wazi, kwa hiyo atoe eneo lililofunikwa tu, si mraba mzima. Mwache akate karatasi nyingine azione kona hizo.