Wauzaji wa kalibu za mishumaa, andikeni kiwango cha joto kabla hamjatuunguza

Ndugu wanajamvi, ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kalibu (chombo cha kumiminia nta ili igande kuwa mshumaa) niliyouziwa kwa maelezo kwamba "inafaa kwa nta ya aina yoyote" ililegea upande mmoja mara tu ilipomiminiwa nta ya parafini, ikaachia kwenye maungio, na nta ya moto ikatiririka mezani hadi sakafuni, karibu kabisa na miguu yangu. Muuzaji nilipomwandikia alinijibu kwamba nilipaswa kusubiri nta ipoe. Nilipomuuliza ipoe hadi nyuzi ngapi, akanyamaza. Nje ya boksi hakuna maelezo, na kwenye kalibu yenyewe hakuna hata tarakimu moja iliyochapwa.

Kalibu ni chombo kilichotengenezwa makusudi kupokea kimiminika cha moto, kwa hiyo mtu anayekiuza bila kutaja kinahimili joto kiasi gani ni sawa na anayeuza dawa bila kutaja kipimo chake. Parafini ya mishumaa huyeyuka takriban kati ya nyuzi 46 na 68 za Selsiasi, kutegemea aina yake, lakini haimiminwi pale tu inapoyeyuka, kwa kuwa itaganda kwa mabaka na mistari kabla haijajaza kalibu. Mishumaa minene ya kusimama yenyewe mara nyingi humiminwa nta ikiwa na nyuzi 80 au zaidi. Sasa linganisheni na plastiki ya chupa za maji, ambayo huanza kulegea kwenye nyuzi 70 hadi 80, halafu mniambie ni kwa ujasiri gani watu wanarekodi video za kutufundisha kukata chupa hizo na kuzifanya kalibu, huku muziki mtamu ukipigwa nyuma na jiko likiwaka pembeni.

Kalibu ya silikoni nzuri, yaani malighafi laini kama mpira, huvuka nyuzi 200 bila kudhurika, na alumini haitishiki kabisa na joto la nta, ingawa hupata moto upesi na kuunguza vidole vya anayeishika bila glavu. Kioo ni suala jingine: kikiwa baridi na kikamiminiwa nta ya moto ghafla, kinaweza kupasuka. Haya si mambo ya siri. Yangetosha kwenye karatasi ndogo ndani ya boksi.

Karatasi kwangu ilikuwamo, lakini bila mambo hayo, na hapo ndipo hasira ilipozidi. Imeandikwa: "Pitisha utambi kwenye tundu, kisha mimina nta." Basi. Hakuna neno lolote kuhusu kuziba tundu, ilhali nta iliyoyeyuka vizuri ni nyepesi na hupenya upenyo usioonekana kwa macho. Tundu la utambi lazima lizibwe kwa nje kwa udongo laini wa kuzibia usioyeyuka kwa joto, kalibu yenye vipande viwili ifungwe kwa mipira imara, na yote hayo yasimamishwe juu ya sinia lenye kingo, mahali palipo sawa, mbali na jiko. Sinia ndilo linalozuia uvujaji mdogo usifike kwenye moto. (Kwa waliokwisha kuunguzwa: maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala msiibandue kwa nguvu nta iliyogandia ngozini.)

Kuhusu maji, karatasi iko kimya vilevile. Kalibu iliyooshwa huhifadhi matone kwenye pembe na maungio, na nta iliyopita nyuzi 100 ikiyakuta, matone hugeuka mvuke kwa ghafla na kurusha nta usoni mwa mtu. Nta hufika huko kwa urahisi inapoyeyushwa moja kwa moja kwenye moto, ndiyo maana inashauriwa chombo cha nta kikae ndani ya sufuria yenye maji, na kipimajoto kiwepo. Ikiachwa ipande hadi karibu nyuzi 200, mvuke wake unaweza kushika moto, na hapo anayekimbilia ndoo ya maji anaulipua: kinachotakiwa ni kuzima jiko na kufunika kwa mfuniko.

Nimeona pia "mtaalamu" mmoja akiichomea kalibu ya chuma kwenye mwali ili mshumaa ulionasa utoke. Parafini husinyaa inapopoa, hivyo mshumaa ulioachwa ugande hadi katikati kwa kawaida hutoka wenyewe, na ukikaidi, muda mfupi kwenye friji hutosha. Mwali wa nini?

Ninachodai ni maandishi matatu kwenye kila kalibu inayouzwa: imetengenezwa kwa malighafi gani, inahimili nyuzi ngapi, na tundu lake linazibwa vipi. Msituambie kwamba mteja anapaswa kujua mwenyewe, kwa kuwa wengi wanaozinunua ndio wanaanza, na ninyi ndio mnaoandika "rahisi kwa kila mtu" kwenye matangazo. Muuzaji anayesoma hapa na kuona kwamba ninamwonea, aweke picha ya boksi lake, upande wenye maelezo.