Naomba ushauri: dada yangu apasuliwe ubongo akiwa macho, au alazwe usingizi moja kwa moja?

Kitindamimba:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Hii ni siku ya nne silali vizuri, kwa hiyo naomba radhi mapema iwapo maelezo yangu yatakosa mpangilio. Dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 43, amegundulika kuwa na uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, karibu kabisa na eneo ambalo daktari anasema linahusika na usemi. Kwa jinsi unavyoonekana kwenye picha za MRI, daktari anadhani ni glioma, ile inayokua polepole, ingawa jina lake kamili litajulikana baada ya kinyama kupimwa maabara. Yote yalianza alipoanguka kifafa darasani, jambo ambalo halikuwahi kumtokea maishani, na tangu siku hiyo majina ya vitu yamekuwa yakimpotea. Juzi alitaka nimpe kijiko kilichokuwa mbele yangu, akasema, "Nipe hicho... hicho cha... cha kukorogea," kisha akanyamaza, akawa anakitazama kama mtu aliyekutana na jirani wa siku nyingi na jina lake limemtoka.

Daktari bingwa anapendekeza ampasue akiwa macho, azungumze naye wakati fuvu liko wazi. Mimi naona ni mateso, na ningependa apewe nusukaputi tangu mwanzo hadi mwisho. Swali langu ni hilo tu: akilazwa usingizi kuna ubaya gani? Tunatakiwa kutoa jibu kabla ya Alhamisi.

Mke_wa_Fundi:
Pole sana, kaka. Mume wangu alifanyiwa hivyo hivyo miaka mitano iliyopita, na mpaka leo anasema kilichomsumbua zaidi ni kulala ubavu mmoja kwa saa nyingi na kiu, wala si kisu. Waliomba ahesabu kuanzia moja kwenda mbele, na kila walipogusa sehemu fulani ya ubongo kwa kifaa cha umeme mdogo sauti yake ilikatika katikati ya namba, akawa anasikia kila kitu lakini mdomo haumtii. Walipoondoa kile kifaa, hesabu ikaendelea pale pale ilipokuwa imekatika. Daktari akasema, "Hapa hatukati," na hapakukatwa. Baada ya upasuaji alipata shida ya kuongea kwa wiki kama tatu, nikalia sana, kisha maneno yakaanza kurudi moja moja. Leo anagombana na wateja wake kama zamani, nami namshukuru Mungu kwa kila ugomvi.

Nesi_Mstaafu:
Kitindamimba, nimefanya kazi chumba cha upasuaji kwa miaka 22, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu.

Uvimbe wa kichwani si wa aina moja. Kuna meningioma, ambayo huota kutoka kwenye utando unaofunika ubongo. Hiyo mara nyingi huusukuma ubongo pembeni, na daktari akiwa na subira anaweza kuibandua ikatoka. Glioma ni jambo jingine, kwa sababu huota ndani ya nyama yenyewe ya ubongo na kujipenyeza kama wino uliomwagikia karatasi, hata ukitazama kwa darubini ya upasuaji huoni mstari unaosema uvimbe umeishia hapa na ubongo mzima umeanzia hapa. Daktari akikata kidogo, anaacha uvimbe mwingi. Akikata sana, anaweza kuondoka na maneno ya mgonjwa.

Unaweza kusema basi afuate kitabu, kwani eneo la usemi linajulikana. Halijulikani kwa kiwango hicho. George Ojemann na wenzake walichapisha mwaka 1989 ramani za wagonjwa 117 waliopimwa ubongo wakiwa macho, na ikaonekana kwamba vituo vya usemi hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Ramani ya dada yako anayo dada yako peke yake, na njia ya uhakika zaidi ya kuisoma ni yeye mwenyewe kuongea huku daktari akigusa kwa umeme mdogo. Anaonyeshwa picha, anasema "hiki ni kikombe, hii ni saa," na kila mahali panapomkatisha usemi panawekwa kikaratasi chenye namba juu ya ubongo, ili pasiguswe.

Kuhusu mateso: ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Ngozi ya kichwa na utando ndivyo vinavyohisi, na hivyo hupigwa sindano za ganzi. Wagonjwa wengi hulazwa usingizi wakati wa kufungua fuvu, huamshwa kwa ajili ya kupimwa, kisha hulazwa tena wakati wa kufunga.

Sasa na mimi nina maswali mawili. Dada yako mwenyewe anasemaje? Na kama anazungumza lugha zaidi ya moja, anahesabu na kuota kwa ipi? Wataalamu watataka kujua, kwa sababu wakati mwingine kila lugha ina vituo vyake.

Mgongo_Imara:
Mimi uvimbe wangu ulikuwa kwenye uti wa mgongo, ndani kabisa ya ile kamba ya mishipa ya fahamu, unaitwa ependimoma. Nilianza kwa kuhisi ganzi kwenye nyayo, nikadhani ni viatu, nikabadilisha viatu mara mbili. Nilipokwenda hospitali nilikuwa nakanyaga sakafu kama mtu anayetembea juu ya godoro. Mimi nililazwa usingizi kabisa, lakini waya zilitoka kichwani mwangu, mikononi na miguuni, na mtaalamu alikaa kwenye mashine muda wote akitazama kama ujumbe kutoka ubongoni bado unafika kwenye vidole vya miguu. Ujumbe ukidhoofika, daktari anasimamisha kazi na kusubiri. Nilipofumbua macho, sauti ya kwanza niliyosikia ilikuwa, "Chezesha kidole gumba." Kikacheza.

Nakuambia haya, kaka, ili ujue kwamba kwa miguu mashine inaweza kuulizwa wakati mgonjwa amelala. Kwa kutaja majina ya vitu, lazima aulizwe mtu. Kazi hii haikuanza jana: Victor Horsley aliondoa uvimbe uliokuwa ukibana uti wa mgongo wa mgonjwa huko London mwaka 1887, na mgonjwa yule alitembea tena. Ushauri wangu ni kwamba msicheleweshe, maana hali uliyoingia nayo chumba cha upasuaji ndiyo kwa kiasi kikubwa utakayotoka nayo. Mimi miezi minne niliyoipoteza kwenye viatu haikurudi, mguu wa kushoto bado unaburuza.

Mzee_Busara:
Vijana, mbona naona habari za mashine tu? Mgonjwa anahitaji kuombewa, na familia inahitaji kupatana. Nimeona nyumba nyingi zikigawanyika kwa sababu ya uamuzi wa namna hii. Kaeni kikao, mkubwa wenu azungumze, na mgonjwa asikilizwe.

Kitindamimba:
Nawashukuru wote. Nesi, maelezo yako yamenifungua macho. Hata hivyo daktari alikiri kwamba kuna hospitali ambako wanapasua mgonjwa akiwa amelala kwa kufuata picha zilizopigwa kabla, zile zinazoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi mtu anapoongea. Kwa nini hiyo isitoshe? Tayari nimeshapiga simu kuomba miadi ya Alhamisi na mtaalamu wa matamshi iahirishwe.

Nesi_Mstaafu:
Picha hizo husaidia kupanga, lakini si mbadala wa kumuuliza mtu aliye macho. Zinaonyesha sehemu zinazoshiriki katika kuongea, ila hazisemi ni ipi ikikatwa usemi utapotea. Mwanangu, nilikuuliza maswali mawili na hujajibu hata moja. Dada yako anasemaje? Na kwa nini usogeze miadi ambayo ndiyo ya kumwandaa?

Kitindamimba:
Hajui.

Anajua ana kifafa na kwamba kuna kovu kichwani ambalo linapaswa kuondolewa. Hivyo ndivyo mimi na shemeji tulivyomwambia. Neno uvimbe hatujalitamka mbele yake. Vidonge vya kifafa na vya deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo ambayo huweza kuvimbisha uso, anavimeza kila siku, mimi ndiye ninayekwenda kuvichukua, na kabla ya kumpa hutoa karatasi za maelezo ndani ya boksi nikazichana, maana ni mwalimu, husoma kila kitu. Akipasuliwa akiwa macho, itabidi aambiwe yote, aoneshwe picha, afanye mazoezi na yule mtaalamu. Akilazwa usingizi, tunaweza kumwambia baadaye, akiwa amepona.

Kabla hamjanihukumu, naomba mjue kwamba mama yetu alipoambiwa ana saratani aligeukia ukutani, akakataa chakula, na baada ya wiki tatu tukamzika. Dada ndiye aliyenilea tangu hapo, nikiwa na miaka tisa. Sitakuwa mimi wa kumgeuza ukutani.

Mke_wa_Fundi:
Kaka, nimesoma mara mbili na machozi yamenitoka. Lakini mume wangu anasema, na ameniomba niandike hivi hivi: ndani ya kile chumba, kilichomshikilia ni kwamba alijua anachokipigania.

Msomaji_Makini:
Samahani, mimi nina mashaka na uzi huu. Mwanzoni uliandika "tunatakiwa kutoa jibu," kana kwamba ni uamuzi wa kikao cha ndugu, na sasa unasema mgonjwa mwenyewe hajui anaumwa nini. Fomu ya ridhaa husainiwa na mgonjwa mwenye akili timamu baada ya kuelezwa, wala shemeji hana sahihi hapo. Tena ni daktari gani bingwa angepanga upasuaji wa kuzungumza na mtu ambaye hajazungumza naye? Watu hapa wanatoa uzoefu wenye maumivu. Kama hii ni hadithi ya kutunga, useme sasa.

Mgongo_Imara:
Hata mimi lilinijia wazo hilo. Mtu asingeweza kumeza deksamethasoni kwa wiki kadhaa bila kuuliza kwa nini uso unamvimba.

Kitindamimba:
Anauliza. Juzi alisimama mbele ya kioo akajishika mashavu, nikamwambia ni kwa sababu anapumzika sana.

Daktari alituambia mimi na shemeji pembeni ya wodi, usiku ule kifafa kilipomrudia mara ya pili na yeye akiwa hajazinduka sawasawa. Shemeji akamsihi atuachie sisi tumweleze. Daktari alikubali kwa shingo upande, akasema anatupa mpaka Alhamisi, na baada ya hapo atamweleza mwenyewe, kwa sababu hawezi kumpasua mtu kwa uongo. Hilo la mwisho sikuliandika mwanzoni. Ndiyo sababu ya kuomba Alhamisi isogezwe. Sijatunga, Msomaji. Natamani ningekuwa nimetunga.

Msomaji_Makini:
Nimekuelewa, na ninaomba radhi.

Nesi_Mstaafu:
Vidonge hivyo usije ukavikatisha ghafla kwa sababu ya uso kuvimba, kwani mwili hushindwa kustahimili. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Sasa nisikilize. Kabla ya upasuaji, mtaalamu wa matamshi humwonyesha mgonjwa picha nyingi, na zile anazoshindwa kuzitaja huondolewa, kwa maana haiwezekani kujua kama aliyemkatisha ni daktari au ni ugonjwa. Dada yako tayari amepoteza kijiko. Kila wiki unayoisogeza inaweza kuondoka na picha nyingine, na zikibaki chache mno, upasuaji wa akiwa macho hautawezekana tena, hata akiutaka mwenyewe. Unadhani unamwekea akiba ya utulivu, kumbe unatumia akiba ya maneno yake. Sisemi habari haitamuumiza. Nasema mama yenu aliambiwa jambo ambalo hakukuwa na la kufanya nalo, lakini dada yako ana kazi ya kufanya, na hakuna mwingine anayeweza kuifanya kwa niaba yake.

Mzee_Busara:
Mwambie ukiwa umekaa, si umesimama. Na shemeji yako awepo.

Kitindamimba:
Nimechelewa kurudi hapa, samahanini. Jana jioni nilikata picha kutoka kitabu cha mtoto wake mdogo, nikazipanga mezani, nikijidanganya kuwa namjaribu kwa siri nione ngapi zimebaki. Alitaja nyumba, kuku, mpira. Kwenye mkasi alikwama. Vidole vyake viwili vilikuwa vinafunga na kufunguka hewani, vinakata, lakini jina halikuja. Kisha akazigeuza picha zote kifudifudi, akaniuliza, "Nina nini kichwani?" Nilikaa. Shemeji alikuwa jikoni, nikamwita.

Leo asubuhi nimepiga simu, na Alhamisi imebaki Alhamisi.

Nesi, uliuliza anahesabu na kuota kwa lugha gani. Nilimuuliza mwenyewe. Anasema anahesabu kwa Kiswahili, anaota kwa lugha ya mama yetu, na anataka apimwe kwa zote mbili.