Pikipiki ya Boxer imelala stoo muda mrefu, inawaka kwa choki tu

mtu_wa_Ifakara: Wakuu habari zenu, nina Boxer BM 150 ya bro, ilikuwa stoo tangu mwaka jana aliposafiri na petroli ilibaki humohumo. Nimeweka betri na plagi mpya, ukivuta choki inawaka ila ukirudisha tu inazima, sailensi (kunguruma bila kuvuta mafuta) haina kabisa. Fundi wa hapa mtaani anasema ninunue kabureta mpya (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Kweli haisafishiki?

FundiSpana: Inasafishika mkuu, usinunue. Hiyo ni jeti ndogo ya sailensi imeziba, yaani kile kipande cha shaba chenye kitundu cha kupitisha petroli, petroli ikikaa sana inakauka inaacha utando kama gundi na kitundu cha ile jeti ni chembamba mno, ndo maana kinaziba cha kwanza. Funga koki ya tenki, fungua bakuli la chini la kabureta, toa boya taratibu na sindano yake, halafu fungua jeti zote mbili kwa bisibisi inayokaa sawasawa maana shaba ni laini, mdomo ukilika hutoi tena. Loweka kwenye petroli safi au pulizia spre ya kabureta, kisha nenda kwa mtu wa pancha akupigie upepo kwenye jeti na matundu yote ya bodi. Inua jeti kwenye mwanga, kama huoni ng'ambo bado chafu. Na tafadhali usichokonoe na waya wa chuma!! utapanua tundu, itakula mafuta hutaamini

dada_boda: Naongezea, ile skrubu ya pembeni ya kabureta kabla hujaitoa izungushe ndani polepole mpaka igote huku unahesabu mizunguko, andika, urudishe vilevile. Na kama yako ina ule mpira mwembamba wa juu spre isiuguse, unavimba na kuurudisha mahali pake ni shughuli.

mtu_wa_Ifakara: Asanteni sana. Na tenki je? nikichungulia naona kutu chini

FundiSpana: Ah basi anza na hilo. Mwaga yote, suuza na petroli mpya mpaka itoke safi, toa koki uoshe na chujio lake, na weka filta kwenye mpira wa mafuta, la sivyo kutu itashukia jeti uliyoisafisha na utafungua tena. Fanyia nje, mbali na jiko. Kabureta mpya nunua tu ukikuta bodi yenyewe imeliwa ndani

dada_boda: Na siku ukiilaza tena funga koki uiache ingurume mpaka ijizimie, bakuli libaki kavu