Kwa nini meli ya utafiti iliachwa igande kwenye barafu ya Aktiki kwa makusudi?

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Jambo kwenu wote. Ninafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu. Wiki iliyopita, tulipofika kwenye somo la kanda za baridi, niliwasimulia wanafunzi habari za meli ya Kijerumani iitwayo Polarstern, ambayo tarehe 20 Septemba 2019 iling'oa nanga Tromsø, nchini Norwe, ikaenda kujifunga kwenye bamba la barafu katikati ya Bahari ya Aktiki, ikabebwa na barafu hiyo kwa miezi mingi, na haikurudi kwao Bremerhaven, Ujerumani, hadi Oktoba 2020. Msafara huo uliitwa MOSAiC, na watafiti wake walitoka katika nchi 20.

Binti mmoja akainua mkono, akasema: "Mwalimu, si kuna satelaiti zinazoiangalia dunia nzima? Watu wakae gizani na dubu kwa sababu gani?" Nikamjibu kwamba satelaiti haioni kila kitu. Akaniuliza ni kitu gani hasa isichokiona. Hapo nikaishiwa maneno, na kengele ndiyo iliyoniokoa. Kabla hatujatoka, mvulana wa nyuma naye akataka kujua kama barafu hiyo ikiyeyuka yote bahari itapanda na kuzimeza bandari zetu za Matadi na Banana. Nina kipindi na darasa hilo Jumanne. Mwenye kujua anisaidie, na tafadhali asinijibu kwa maneno ya jumla, maana hayo nimeshayatumia.

Mpima Maji (Goma)

Mwalimu, jambo. Huyo binti amegusa penyewe. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kushusha vyombo ndani ya Ziwa Kivu ili kupima joto na gesi katika vina mbalimbali, kwa hiyo nitaanzia hapo. Ukipanda Nyiragongo siku anga limetakata, utaliona ziwa na rangi yake na visiwa vyake, lakini macho yako hayatakuambia kamwe kwamba kule chini kuna methani na hewa ukaa nyingi iliyozuiwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Ilibidi watu waende na mtumbwi na kamba ndipo jambo hilo lijulikane.

Aktiki ni vivyo hivyo. Satelaiti hupima vizuri eneo lililofunikwa na barafu, na ndizo zilizotujulisha kwamba mnamo Septemba 2012 zilibaki kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa tangu upimaji huo uanze mwaka 1979. Shida ni unene. Satelaiti ya CryoSat-2, iliyorushwa mwaka 2010, haipimi unene wenyewe, bali kimo cha ile sehemu ndogo ya barafu inayochungulia juu ya maji, ambayo ni kama moja ya kumi tu, kisha wataalamu hukokotoa ile iliyozama. Sasa juu ya barafu hiyo weka theluji. Theluji ina uzito, kwa hiyo huikandamiza barafu ishuke; tena mawimbi ya rada ambayo satelaiti hiyo hutumia kupimia hayapenyi ndani yake kwa namna ileile kila siku. Ukikosea sentimita chache kule juu, umekosea makumi ya sentimita kule chini. Kwa hiyo asiyejua kina cha theluji hawezi kuujua unene wa barafu, na kina cha theluji hupatikana kwa mtu kutembea juu ya bamba na fimbo ya kupimia, akaichomeka mara elfu kadhaa, wiki baada ya wiki, huku mwenzake akisimama na bunduki kuangalia dubu. Hiyo ni kazi isiyo na sifa wala picha nzuri, lakini bila hiyo takwimu za satelaiti hazina mguu wa kusimamia.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni mawingu ya usiku ule mrefu. Ndugu zetu wa Lubumbashi wanajua kwamba alfajiri ya Juni au Julai huwa na baridi kali zaidi pale ambapo usiku ulikuwa mtupu bila wingu, kwa sababu joto la ardhi limepanda likapotea angani bila kizuizi. Kule Aktiki jua likishatua halichomozi tena kwa miezi, na mambo yote huenda kwa mtindo huo: anga likiwa wazi, baridi juu ya barafu hufika digrii 30 hadi 40 chini ya sifuri, lakini wingu likiingia, hasa lile lenye matone ya maji ambayo bado hayajaganda, huirudishia barafu joto lake na baridi hulegea ndani ya saa chache tu. Wingu hilo huwa jembamba, liko karibu na uso wa barafu, na wakati wa giza satelaiti hupata taabu kulitenganisha na theluji iliyo chini yake. Ni lazima uwe chini yake na vyombo vyako. Kabla ya msafara wa MOSAiC vipimo vya majira ya baridi katikati ya Aktiki vilikuwa vichache mno, maana watafiti wengi huenda wakati wa kiangazi, meli inapoweza kupita.

Kijana wa Birere (Goma)

Ninashukuru kwa maelezo, Mzee. Hata hivyo mimi nimesoma kwamba msafara huo uligharimu kama euro milioni 140. Kwa fedha hizo zote, meli yenye mitambo ya kuvunja barafu inazimwa na kuachwa ipelekwe popote upepo unapotaka. Kama nia ilikuwa kupima, kwa nini isingezunguka ikapima mahali pengi? Isitoshe, barafu hiyo hatutaiona maishani mwetu.

Mama wa Maabara (Lubumbashi)

Mwanangu, swali lako la kwanza ni zuri kuliko la mwisho, kwa hiyo ninaanza na hilo. Mimi ninafanya kazi katika maabara ya kupima madini. Mtu akiniletea mawe kumi kutoka mashimo kumi, ninaweza kumwambia kila jiwe lina nini, lakini siwezi kumwambia hata moja lilifikaje katika hali hiyo. Ili nijue hilo, ni lazima nifuate mzigo mmoja tangu unapoingia hadi unapotoka. Meli inayozunguka Aktiki hukusanya mawe kumi. Meli iliyofungwa kwenye bamba moja hulifuata bamba hilo linapozaliwa upya wakati wa majira ya baridi, linapopasuka na kushikana tena, linapoanza kutoa madimbwi juu yake, hadi siku ya kufa kwake. Na kweli walilifuata hadi likafa: mwishoni mwa Julai 2020, karibu na mlango-bahari wa Fram kati ya Greenland na visiwa vya Svalbard, bamba lao lilivunjika vipande vipande baada ya watu kuwahi kuondoa vyombo vyao.

Wazo lenyewe si la jana. Meli ya Kimarekani iitwayo Jeannette ilisagwa na barafu kaskazini mwa Siberia mwaka 1881, na miaka mitatu baadaye mabaki yake yakaokotwa pwani ya Greenland, upande wa pili kabisa. Mnorwe Fridtjof Nansen akasema kwamba kama mabaki yamevuka, basi kuna mkondo unaovuka, na meli nzima nayo inaweza kuvushwa. Akaagiza ijengwe meli yenye tumbo la mviringo ili barafu ikiibana iinyanyue badala ya kuivunja, akaiita Fram, akaiingiza kwenye barafu mwaka 1893. Ilitoka salama mwaka 1896. Mwenyewe hakufika ncha ya kaskazini, ingawa aliiacha meli akajaribu kwa miguu na mbwa, lakini kuhusu mkondo alishinda hoja. Mkondo huohuo ndio ulioibeba Polarstern. Kwa hiyo usemapo "popote upepo unapotaka", ujue kwamba walichagua mahali pa kuingilia kwa sababu walijua kwa ujumla watatokea wapi.

Ningependa Mwalimu awaeleze wanafunzi jambo la chumvi pia, kwa kuwa vitabu vyetu hulipita haraka. Maji ya bahari yanapoganda, barafu huisukuma chumvi nje. Sehemu hubaki kwenye vijishimo vya maji makali ndani ya barafu, na nyingine hushuka baharini. Maji hayo yaliyozidi chumvi ni mazito, hivyo huzama na kuyakoroga yaliyo chini. Ukitaka kuliona hilo likitendeka huwezi kwenda mwezi Agosti. Ni lazima uwepo Desemba, utoboe shimo kwenye barafu, na kila siku ulizuie lisizibe.

Kuhusu fedha, zilitoka katika mifuko mingi, na sehemu kubwa huliwa na meli zenyewe, maana Polarstern isingeweza kukaa huko bila meli nyingine za kuiletea mafuta, chakula na watu wa zamu. Ugonjwa wa Covid ulipofunga viwanja vya ndege, iliwabidi mwezi Mei 2020 waliache bamba kwa wiki kadhaa ili wakutane na meli mbili karibu na Svalbard wabadilishane watu. Wapo wanaosema kwamba pengo hilo liliharibu utafiti, kwa kuwa liliangukia wakati barafu inapoanza kuyeyuka. Mimi ninaona lilipunguza, halikuharibu. Mwisho wa yote, mwanangu, tangu Januari 2023 takwimu zao ziko wazi kwa kila mtu bila malipo, hata kwako hapo Birere, ukiwa na subira na mtandao wetu huu.

Kijana wa Birere (Goma)

Nimekubali kuhusu bamba moja, Mama. Lakini nimeona pia kwamba kiongozi wa msafara, Markus Rex, alisema baridi waliyoikuta ilikuwa pungufu kwa karibu digrii 10 kuliko ile aliyoipima Nansen. Basi hiyo pekee si ingetosha kuwa ushahidi?

Mpima Maji (Goma)

Hapana, haitoshi, na ninafurahi umeileta kabla Mwalimu hajaibeba darasani peke yake. Safari moja ya karne ya 19 ikilinganishwa na mwaka mmoja wa sasa inakuonyesha safari mbili. Majira yale ya baridi ya 2020 yenyewe hayakuwa ya kawaida: pepo kubwa zinazozunguka ncha ya kaskazini zilikuwa na nguvu za kipekee kati ya Januari na Machi, bamba likasukumwa haraka kuliko walivyotarajia, na katika anga la juu ozoni ikapungua kiasi ambacho hakijawahi kupimwa Aktiki. Mwaka mmoja ni hali ya hewa. Ushahidi wa tabianchi ni ile mistari mirefu ya vipimo, inayoonyesha kwamba tangu 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. MOSAiC haikwenda kuthibitisha kama joto linaongezeka. Ilikwenda kuangalia linavyofanya kazi, yaani joto linaingiaje, linatokaje, na nani analizuia njiani, kwa sababu programu za kompyuta zinazokadiria miaka ijayo zilikuwa zikipishana sana kuhusu eneo hilo kuliko mahali pengine.

Tena, Kijana, kuhusu barafu usiyoiona: kutoka hapo ulipo, barafu haiko mbali. Kilele cha Margherita katika Ruwenzori, mita 5,109, kiko kwenye mpaka wetu na Uganda. Mwaka 1906 barafu ya milima hiyo ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5, na kufikia mwaka 2003 ilikuwa imepungua chini ya kilomita moja ya mraba. Sababu za kule si zilezile moja kwa moja, kwa maana ukame na upungufu wa mawingu vina sehemu yake, kwa hiyo sisemi kwamba Aktiki ndiyo inayoyeyusha Ruwenzori. Ninasema tu kwamba barafu yetu nayo ilihitaji watu wa kuipandia na kuipima, na waliofanya hivyo ni wachache.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Asanteni sana, Mzee na Mama. Theluji na mawingu vimenitosha kabisa kwa swali la binti, na Nansen nitamwingiza kwa sababu watoto wanapenda mabaki yanayosafiri. Lakini swali la Matadi halijaguswa na mtu. Ninavyoelewa, barafu ya baharini tayari inaelea, kwa hiyo ikiyeyuka haiinui maji, ilhali ile ya Greenland imekaa juu ya nchi kavu, na ikiyeyuka yote bahari ingepanda kama mita 7. Ninafikiri niwaonyeshe kwa bilauri mbili: moja barafu ikielea ndani ya maji, ya pili barafu ikiwa juu ya jiwe lililochomoza. Je, jaribio hilo linafaa?

Mama wa Maabara (Lubumbashi)

Linafaa, Mwalimu, na ulivyoeleza ndivyo. Ila wakumbushe kwamba barafu ya baharini kupotea bila kuinua maji si sawa na kupotea bila madhara, kwa kuwa barafu yenye theluji hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, na bahari nyeusi inayobaki huumeza karibu wote. Kwa jaribio lenyewe, tumia maji yasiyo na chumvi katika bilauri zote mbili, piga alama kwa kalamu barafu ikishatulia, si wakati unaiweka, na bilauri ya kwanza usiijaze hadi ukingoni, maana mtoto mmoja ataitikisa meza na utaulizwa maji yale yametoka wapi.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Nimepokea, Mama. Iliyobaki ni barafu yenyewe. Jirani yangu mwenye frigo ameahidi kunigandishia Jumatatu jioni, umeme ukiwapo.