Mjadala: Aliyoyatenda mtu Likoni 1997, riwaya ya kutisha iyafukue au iyasitiri?

Mwenye mada, Likoni

Hamjambo nyote, na wakubwa shikamooni. Naileta hapa kwa sababu barazani imetushinda.

Naandika riwaya ya kutisha. Ijumaa iliyopita baada ya Isha niliwasomea jamaa sura mbili za mwanzo kibarazani kwetu, kwa kahawa na kashata. Ya pili sikuimaliza. Mzee mmoja ambaye kwangu ni kama baba alisimama, akavaa makubadhi yake, akasema, "Mwanangu, hayo yachome," akenda zake. Waliobaki walibishana mpaka saa sita za usiku.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna muuza makaa Kisauni, mtu mzima, wa kwanza kufika msikitini alfajiri. Watu humwekea amana zao. Hakuna ajuaye kwamba jina analoitwa silo alilopewa na babake, wala kwamba Kisauni alihamia. Kila usiku husikia honi ya feri, ambayo Kisauni haifiki. Ikishanyamaza, mlango wake hubishwa mara tatu na sauti ya mwanamke huuliza, "Jirani, una kiberiti?" Akifungua, hapana mtu. Akirudi kulala, cherehani inashona chumba cha pili, na nyumba yake haina cherehani. Amekunywa kombe, amefunga hirizi, ameleta mganga apunge. Sauti haitoki. Haitoki kwa sababu maneno yale ni yake mwenyewe. Usiku mmoja wa Agosti 1997, Likoni, alibisha mlango wa jirani yake, mshonaji aliyetoka bara, akamwomba kiberiti. Akapewa. Kwa kiberiti kile kile akamchomea nyumba.

Kwa mliozaliwa baadaye: usiku wa Agosti 13, 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari, likachukua bunduki, kisha likaingia mitaani. Waliokusudiwa ni watu wa bara: Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya. Vibanda na nyumba zilichomwa. Vurugu ziliendelea kwa wiki kadhaa, watu zaidi ya 100 wakafa na maelfu kwa maelfu wakahama. Wengi walijibanza katika kanisa Katoliki la Likoni. Vijana wale walikuwa wamelishwa kiapo, wakaaminishwa kwamba risasi haitawaingia. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa 1998, na ripoti yake ikatolewa hadharani 2002. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikakabidhi yake 2013.

Tume zilishughulika na wakubwa, nani alipanga, nani alilipa. Mimi namuuliza yule aliyebisha mlango. Yupo. Anauza, anaoza mabinti, anapanda feri na sisi, pengine ndiye aliyekupisha kiti.

Walionipinga barazani wana neno zito, sitaki kulipunguza. Wanasema sisi watu wa pwani tumelelewa kwa sitara. Mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na Akhera; hadithi hiyo tumeijua tangu chuoni. Mtu ametubu, amenyooka, wewe nani umfunue?

Jibu langu ni kwamba sitara ni ya dhambi iliyo baina ya mtu na Mola wake. Mlevi aliyeacha, msitiri. Lakini haki ya mja ni deni, na masheikh wetu wametufundisha kwamba toba ya deni haitimii mpaka mwenyewe arudishiwe chake au asamehe, kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Muuza makaa wangu amesali miaka yote hiyo, na hata siku moja hakuvuka feri kwenda kuuliza mwanamke yule aliangukia wapi. Hiyo siiti sitara. Hapo kafichwa mdaiwa, aliyefunuliwa ni mdai.

Na kwa nini ya kutisha, isiwe riwaya tu ya kawaida? Kwa sababu hofu ndiyo lugha tunayoisikia. Ripoti ya tume haisomwi kibarazani, kisa cha mbuyu unaoita watu husimuliwa hadi alfajiri. Isipokuwa visa vyetu vina kasoro moja inayoniuma sana. Kila balaa tunampa jini au mchawi, na mchawi siku zote ana sura ya bibi kizee wa jirani. Kilifi wazee wanakatwa mapanga kwa tuhuma hizo hizo; wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze kuokoa roho zao. Nataka hofu inayomgeukia mtu mwenyewe, isitoke nje kwenda kutafuta kizee wa kumsingizia.

Basi semeni. Nichome?

Mchangiaji, Mtongwe

Mimi ndiye niliyeondoka. Sikuondoka kwa hasira, mwanangu. Niliondoka kwa sababu magoti yalianza kunitetemeka na sikutaka vijana waone.

Wewe Agosti ile ulikuwa mtoto wa kubebwa. Mimi nilikuwa na duka. Umeyaeleza yaliyowapata watu wa bara na ni kweli, nimeyaona kwa macho yangu. Hukueleza siku zilizofuata, askari walipokuja kulipiza. Vijana wetu walizolewa mitaani, aliyefanya na asiyefanya, wakapigwa, wakateswa. Yupo wa ukoo wangu aliyekamatwa akitoka kuvua. Alirudi, lakini yule tuliyemjua hakurudi. Kosa lake kuzaliwa huku na kuwa na umri ule.

Sasa riwaya yako ikitoka, msomaji wa Nairobi atafunga ukurasa wa mwisho akijua nini? Kwamba mzee wa Kisauni mwenye kanzu na sijda usoni, ukimkwangua, ndani muuaji. Kila mzee mwenye kanzu atatazamwa hivyo. Umekataa kumsingizia bibi kizee, ukamsingizia babu.

Nikwambie la pili. Feri ya Mtongwe ilipopinduka Aprili 29, 1994, walikufa watu 272. Miongoni mwao alikuwamo mtu wangu. Huwa nasikia honi ile, usidhani umeitunga wewe. Lakini sijawahi kutamani mtu aniandikie kitabu cha kunishtua nayo. Kidonda changu si kitoweo cha msomaji. Mambo mengine mji huyabeba kimya ili watu waweze kuvuka asubuhi kwenda kazini.

Haki ya mja naikubali, tena umeisema vizuri. Ila haki hulipwa kwa kwenda kwa mtu. Hailipwi kwa kuchapisha.

Mchangiaji, Majengo

Shikamoo mzee. Mimi msomaji wa visa vya kutisha tangu utotoni, na naona mwandishi anakosea kwengine kabisa. Kumkataa jini ni kuandika pwani isiyo yetu. Bibi yangu alikuwa akiacha uvumba na maji ya mawaridi kila Alhamisi, na nyumba nzima ilijua kwa nini. Ukisema sauti ya kiberiti ni dhamiri tu, hofu imekwisha, kwa sababu dhamiri mtu anaweza kuizoea. Kiapo je? Umekitaja mara moja ukakiacha. Waliokula kiapo waliambiwa atakayetoboa siri atakufa. Huyo muuza makaa hathubutu kuungama kwa sababu anaamini neno likimtoka ulimi utamgeuka. Nje anagongewa aseme, ndani amefungwa asiseme. Hapo ndipo mimi ningeshindwa kulala.

Mchangiaji, Changamwe (mwalimu)

La kiapo liandikwe, ni hazina. Lakini nampinga ndugu wa Majengo anapodhani mzimu usio jini ni wa kigeni. Said Ahmed Mohamed alimwandika babu anayerudi kutoka kaburini kumkabili mjukuu aliyenona madarakani, katika *Babu Alipofufuka*, 2001. Babu yule anatisha kwa sababu anamjua mjukuu wake. Kisa cha mtu kudaiwa na wafu tunacho, tusiseme tumekiazima.

Kwa mzee wa Mtongwe, nakuheshimu, na nina swali moja tu. Darasani kwangu wamo watoto wa kila kabila. Wanajua vita hivi vya majimbo, vya kufukuza watu wa bara, viliwahi kuwapo, basi, wala hawajui vilikuwa vya mtaa upi. Kimya unachokisema kinawasaidia wangapi wao, kila uchaguzi ukikaribia na vikaratasi vya kuambiana "rudini kwenu" vikianza kuokotwa? Mimi ningemtaka mwanafunzi aisikie sauti ya kiberiti kabla hajatumwa kwenda kuomba kiberiti.

Mchangiaji, alizaliwa Timbwani, sasa Machakos

Nimesoma tangu mwanzo na nimeandika nikafuta mara nyingi.

Mamangu alikuwa mshonaji Likoni. Sare za shule, mashuka, nguo za Idi za watoto wa mtaa mzima. Tulichomewa. Hatukufa, tulilala kanisani na kisha tukapandishwa basi la kwenda kwa babu ambaye sikuwa nimemwona. Nilikuwa na miaka saba, na Kikamba sikukijua. Kule wenzangu waliniita Mswahili, kwa namna ya kunicheka.

Sikuja kumtetea wala kumlaumu mtu. Mzee wa Mtongwe, jirani wa upande wa kulia alikuwa mzee mwenye kanzu pia, na ndiye aliyetuficha chumbani kwa mkewe usiku ule mpaka kukapambazuka. Kama mwandishi hana mtu kama huyo katika kitabu chake, basi mzee umesema kweli, kitabu kinadanganya.

Lakini kinachonichoma mimi si hicho. Nimehesabu. Muuza makaa ana kazi, ana msikiti, ana majina mawili, ana mganga, ana usingizi unaokatika. Mshonaji ana nini? Ana kubisha mlango. Hana jina hata moja. Alimpa mtu kiberiti akachomewa, na sasa, baada ya hayo yote, kazi yake ni kumtisha yule yule aliyemchoma ili msomaji asisimke. Hata akiwa mzimu anamtumikia.

Mama yangu si sauti mlangoni. Alikuwa akiimba vibaya, alikuwa na deni la vitambaa Biashara Street, alikuwa hapendi samaki na anakaa pwani. Akiota, haoti moto. Anaota nguo alizokuwa ameshona nusu, za watu waliokwisha lipa, na watoto wao wanakuja kuzidai kabla ya Idi. Mpaka leo anaona yeye ndiye mwenye deni.

Kama hofu ya kitabu ni ya muuza makaa peke yake, nami nasema kichome. Kama na sisi tuna hofu zetu humo, kiandike, na mimi nitakinunua.

Mchangiaji, Mtongwe

Binti, Mungu amhifadhi mamako. Kama yule mzee aliyewaficha, wengi walifanya hivyo na hawasemwi. Kwa hili la nguo za Idi nimekaa kitako.

Mwandishi, neno la kuchoma nalirudisha. La msomaji wa Nairobi silirudishi.

Mwenye mada, Likoni

Usiku huu sijalala, na si kwa sababu ya kubishiwa mlango.

Mzee, la kanzu nimelipokea. Chumba cha jirani wa kulia kitakuwamo, na kitanda, na mkewe aliyekaa mlangoni hadi asubuhi. Na yule wa ukoo wako aliyekamatwa akitoka kuvua, nitakuja nyumbani kuomba ruhusa yake kwanza, akikataa, haandikwi. Pale uliposema haki hulipwa kwa kwenda kwa mtu, umenipa mwisho wa riwaya niliokuwa nautafuta kwa mwaka mzima. Nilikuwa nimemmaliza muuza makaa kwa kumtia wazimu. Sasa atakwenda kituo cha basi, na kiapo kikiwa kooni mwake kama ndugu wa Majengo alivyosema, bila kujua kama akifungua kinywa atakufa. Sijui bado kama mlango utafunguliwa upande wa pili. Sidhani ni haki yangu mimi kuufungua.

Kwa la kuandika au kutoandika sijabadilika. Kukaa kimya kumewalinda waliobisha milango kuliko walivyolindwa waliobishiwa, na nitashikilia hivyo mbele ya yeyote. Nilipokosea ni mahali nilipoiweka hofu. Nilidhani mzimu ndio unaotisha, nikasahau kuna mwanamke hai anayeamka usiku kwa nguo za watoto wa watu.

Sura ya kwanza naiondoa. Kitabu kitaanza na mshonaji, mchana, Likoni, wiki moja kabla, kazi zimemrundikia, na ana jina. Muuza makaa hataingia mpaka aje kupimwa kanzu.

Dada wa Machakos, sitaki kumchokoza mama. Lakini akiwa radhi, siku atakayokuwa na moyo mwepesi, niulizie: cherehani ile ilikuwa ya mkono au ya miguu? Na ilikaa dirishani au karibu na mlango?