Nimejiajiri kwa cherehani: nianze na Clason, Gerber au Clear?

FundiNguo_Tanga: Wakuu, habari za leo. Nashona nyumbani mwaka wa tatu sasa, cherehani mbili na msaidizi mmoja. Oda zipo, hasa Januari kwa sare za shule na kuelekea Idi, ila mwezi ukiisha sioni hela ilikokwenda. Nataka kununua kitabu kimoja nikisome mpaka kiishe. Nimetajiwa The Richest Man in Babylon cha George Clason, The E-Myth Revisited cha Michael Gerber na Atomic Habits cha James Clear. Kwa hali yangu kipi kitangulie? Kiingereza changu ni cha kidato cha nne.

MamaNafaka: Ndugu yangu, Clason. Kitabu ni cha mwaka 1926 na visa vyake ni vya Babeli ya kale, lakini shida ni hiyo hiyo yako. Anasema katika kila kumi unayopata, moja iwe yako kabla hujamlipa mtu yeyote. Mimi dukani nilikuwa najilipa kinachobaki, na hakikubaki kitu. Nilipoanza kutenga changu jioni ile ile ya mauzo, ndipo nikaona nilikuwa nakula mtaji. Angalia jambo moja tu: ni kumi ya kipato, si ya mauzo. Hela ya kitambaa aliyokupa mteja si yako, usiihesabu.

Seremala_Moro: Kwa heshima zote mama, mimi nampa Gerber. Fundi, ukiugua wiki moja nani anakata nguo? Gerber anasimulia habari za Sarah, mwoka pai hodari aliyefungua duka akaishia kuchoka na kuzichukia pai zenyewe. Anasema ndani ya mwenye biashara wamo watu watatu: fundi, meneja na mjasiriamali, na wengi wetu tunamlisha fundi peke yake. Nilipokisoma niliandika hatua za kupokea oda kwenye karatasi, nikaibandika ukutani karibu na randa. Vijana wangu sasa hawanipigii simu kwa kila kitu. Kasoro yake ni kurudia rudia, na mfano wake mkubwa ni McDonald's, migahawa ya Kimarekani yenye matawi mengi. Si kila mtu anataka matawi.

Daftari_Kila_Siku: Vyote viwili vinadai uandike hesabu kila siku, na hapo ndipo wengi tunashindwa. Clear (2018) anafundisha kufunga tabia mpya kwenye tabia uliyo nayo. Wewe kila jioni si unafunika cherehani? Ukishafunika tu, andika mauzo, hata mstari mmoja. Kiingereza chake ndicho chepesi kuliko vyote. Cha Clason kina maneno ya kizamani yatakayokusumbua, ingawa kitabu chenyewe ni chembamba. Ila Clear hatakuambia gauni ulitoze shilingi ngapi.

BintiPwani: Kaka, uko Tanga na hakuna aliyemtaja Shaaban Robert! Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini si kitabu cha biashara, na mwenyewe alikuwa karani wa kuajiriwa. Lakini kwa kujijenga nafsi sijapata kingine cha kukilinganisha nacho: jinsi alivyobeba msiba wa mkewe, na uandishi aliouendeleza baada ya saa za kazi. Kisome kwa Kiswahili chako, huhitaji kamusi. Hesabu jifunze kwa Clason.

MamaNafaka: Seremala, kuhusu karatasi ya ukutani nakubali. Lakini mtu asiyejua hela yake iko wapi, utaratibu wa oda utamfikisha wapi?

Seremala_Moro: Mama, huenda inapotelea humo humo kwenye oda.

FundiNguo_Tanga: Ahsanteni sana. Nanunua Clason, na Shaaban nitaazima. Seremala, jana nilikaa na msaidizi tukaandika hatua kama ulivyosema. Kumbe mimi nachukua nusu ya hela kabla ya kukata kitambaa, yeye hachukui kabisa. Kabatini tumekuta nguo kumi na moja zilizokwisha kushonwa, wenyewe hawajarudi.